Ubao Ndani ya Kanga

Gongoni, Tabora
11 Februari 2024

Mwanangu Haifa,

Assalaam alaykum. Natumaini umzima na miguu bado unayo, maana Fauzi amenionyesha kwenye simu watu wa huko Urusi wakitembea juu ya mto ulioganda, nikamwambia akili zao zimeganda pia. Huku hatujambo. Mvua imekuwa ya kutosha, karanga zangu za Kwihara zimestawi. Presha inapanda na kushuka itakavyo. Juzi nilikuwa hospitali ya Kitete, daktari kijana kaniambia nipunguze chumvi, nikamwuliza kama kwao mboga inapikwa kwa dua. Jenabai wa duka la vitambaa anakusalimu, anasema ukirudi daktari atakuwa mgonjwa wako wa kwanza.

Utashangaa kupata barua wakati simu ziko. Simu yangu inakaa dukani kwa Fauzi. Sauti yako ikiingia anaifungulia pale pale kwenye meza, na wateja wote wanajua umekula nini. Mtoto nimemzaa mwenyewe, lakini mdomo wake sijui kautoa wapi. Jambo la leo sitaki lipite dukani.

Baba yako, kaka yangu Humaidi, huu unakwenda mwaka wa pili tangu atutoke, na mimi dada yake sijamsomea hitma. Watu wanauliza. Nawaambia nasubiri mavuno, nasubiri presha itulie. Mama yako ameacha kuuliza, ananitazama tu. Ukweli ni huu, na usome taratibu: sijui kama kaka yangu alikufa Mwislamu.

Wewe ulikuwa hujaanza shule. Baada ya Alasiri nilimpelekea kahawa chumbani, mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Nikamwona amekaa kitandani, ameshika ubao kwa mikono miwili, ameuinamia, mwili unayumba, midomo inacheza. Upande wa mbele wa ule ubao uling'aa kama dhahabu. Sikuingia. Kahawa nikaimwaga uani. Sikumwuliza siku ile wala siku nyingine yoyote, na tangu hapo kila aliposimama mbele kutusalisha nilikuwa najiuliza moyoni huyu anamwomba nani.

Siku alipofariki niliingia chumbani kabla wanawake hawajafika. Ulikuwa juu ya kabati, umefungwa ndani ya kanga ya mananasi ya kijani, pindo lake la rangi ya machungwa. Nilipoufungua nyumbani kwangu nikakuta picha ya mwanamke ameshika msalaba. Nimeupeleka shambani Kwihara, uko kwenye chumba cha karanga.

Wewe uko huko huko alikosomea mambo ya reli. Niulizie watu wa huko wanafanya nini na ubao kama huo. Ukiniambia ni ibada, nitauchoma na hitma sitasoma, nitakwenda kujibu mbele ya Mungu. Ukiniambia sivyo, nataka kujua ni nini basi. Mama yako asisikie neno.

Shangazi yako,
Tufaha


Petersburg
19 Machi 2024

Shangazi Tufaha,

Shikamoo. Ramadhani karim. Miguu ninayo yote miwili. Saumu inakwenda vizuri, maana siku za sasa ni sawasawa na za kwetu. Ninakaa chumba kimoja na Recheli, msichana wa Nzega. Yeye ni Mlutheri lakini ndiye anayeniamsha kula daku, na kama nimechelewa ananivuta blanketi. Ugali tunausonga kwa unga wa ngano mgumu, usiniulize unafananaje. Masomo ya udaktari yanaendelea, mwaka huu tumeanza kwenda wodini.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko vitabu vyangu. Nitakwambia kwanza lililonikaa rohoni. Kabla haijafika, mama aliniambia kwenye simu kwamba kuna kitu kimetoka chumbani kwa baba. Hakusema kitu gani. Aliuliza tu kama wewe umewahi kunitajia lolote, nikamwambia hapana, na wakati huo ilikuwa kweli. Sasa umenifanya mwongo nikiwa sijaondoka kitandani. Mama anajua kuna kitu, wewe unajua anajua, na mimi niko katikati nimeshika barua.

Baba ndiye aliyenifundisha Juzuu Amma, shangazi. Alinirudisha nyuma kila nilipokosea hata herufi moja. Siwezi kuamini unalolifikiri. Lakini nimelifikiri na mimi tangu barua ifike, na nimekukasirikia kwa kunitia wazo hilo kichwani.

Ubao huo bila shaka ni ikona. Ziko kwenye makanisa yao na kwenye kona za nyumba zao. Nilichoambiwa ni kwamba mchoraji haweki kitu kwa kupamba tu. Rangi ya nguo, mkono ulivyokaa, kilichoko juu ya kichwa, kila kimoja kinasema jambo. Kwa hiyo siwezi kukujibu mpaka niuone. Piga picha, tafadhali. Si kwa simu ya Fauzi.

Na kabla hujanijibu hayo, nijibu hili moja. Kwa nini uliingia kuuchukua kabla wanawake hawajafika? Kama uliamini ni sanamu ya baba, uliogopa nani auone?

Mwanao,
Haifa


Gongoni, Tabora
28 Aprili 2024

Mwanangu Haifa,

Waalaykum salaam, marahaba. Idi ilikwenda salama. Nilipika biriani, Fauzi akala mpaka akalala na viatu. Nawal alikuja na kaimati, akakaa kidogo, akasifu mapazia yangu, akaondoka. Mama yako hajawahi kusifu mapazia yangu tangu aolewe, kwa hiyo najua alikuwa anatafuta kitu kwa macho.

Swali lako la mwisho halikusomeka, nadhani wino ulimwagikiwa na maji njiani.

Picha sipigi. Nyumba yenye sanamu malaika hawaingii, sasa wewe unataka niizalishe ziwe mbili. Lakini nilikwenda Kwihara na miwani yangu, nikausoma ubao kwa macho. Wazungu walikuwa wanapita na gari kwenda kuona tembe la Livingstone, wakanipungia mkono, na mimi niko mlangoni nimeufunika na gunia kama mwizi wa kuku.

Ni mrefu na mwembamba kuliko picha za ukutani. Upana wake ni kama ule ubao wa chuoni tulioandikia aya tukiwa wadogo. Urefu nimeupima kwa uzi wa cherehani nilioomba kwa Jenabai, na uzi wenyewe nimeuweka humu ndani ya bahasha. Usinyooshe sana.

Mwanamke amesimama wima, kama anayengoja kuitwa. Shungi jekundu limemfunika kutoka kichwani mpaka miguuni. Mkono wa kulia ameshika msalaba mdogo, anaushika kwa vidole kama kijiko. Mkono wa kushoto ameuinua, kiganja kinanitazama mimi, kama askari wa barabarani. Ananizuia nini? Macho makubwa, mdomo mdogo kabisa. Nyuma yake kote ni dhahabu, hakuna nyumba wala mlima. Pembeni, kwenye ukingo wa ubao, yuko mwingine mdogo mwenye mabawa. Na juu kabisa wako watatu wenye mabawa, wamekaa mezani chini ya mti, bakuli moja katikati. Watatu, Haifa. Unajua watatu kwao maana yake nini.

Kuna maandishi kichwani. Nimeona M, kisha A, kisha P, halafu N iliyogeuzwa mgongo, kisha H, na A.

Na jingine la kukutia shaka kama lilivyonitia mimi. Niliuweka chini makusudi, nikasema mchwa waamue. Mchwa wamekula kona ya gunia la karanga na kipande cha mlango. Ubao hawajaugusa.

Jibu upesi. Mfungo Mosi unakwisha na watu wanauliza.

Shangazi yako,
Tufaha


Petersburg
2 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mitihani imenimaliza. Siku hizi huku jua halizami sawasawa, usiku mbingu ni nyeupe, na tunaulizana msikitini Isha tuiswali saa ngapi. Recheli amefunga dirisha kwa karatasi ya kufungia nyama ili alale.

Nilikwenda makumbusho. Si kanisani, usianze. Kwenye kila chumba huwa kuna bibi kizee amekaa kwenye kiti kulinda picha. Bibi wa chumba cha ikona alinitazama na ushungi wangu akadhani nimepotea. Nilipomwuliza maswali yako, moja baada ya jingine, alivua miwani na kuinuka kwenye kiti.

Msalaba mdogo mkononi maana yake mwanamke huyo aliuawa kwa ajili ya dini yake. Shungi jekundu ni damu hiyo. Kiganja hakikuzuii, kinakuonyesha kwamba hana alichoficha. Macho ni makubwa kwa sababu anaona ya huko, na mdomo mdogo kwa sababu maneno yamekwisha. Dhahabu ya nyuma si jua wala utajiri, ni nuru isiyotoka upande wowote. Ndiyo maana ukitazama hutaona kivuli popote pale. Mwenye mabawa pembeni ni malaika mlinzi. Na maandishi ni jina la mwanamke: Marina.

Ama wale watatu mezani, shangazi, umewashtaki bure. Wakristo wa huku wanawachora kwa imani yao ya utatu, ndivyo alivyoniambia bibi, sikufichi. Lakini kisa chenyewe ni chetu pia. Ni wageni wa Nabii Ibrahim. Bakuli lile ni la ndama aliyewachinjia, na mti ule ndio waliokaa chini yake. Wewe ndiye uliyenisimulia, nikiwa nimelala kwenye mkeka wako. Unakumbuka walimletea habari gani yeye na mkewe. Naishia hapo.

Naishia hapo kwa sababu nilipomtolea bibi ule uzi, aliutundika kwenye kidole, akautazama, akaniuliza swali ambalo sitaliandika mpaka nihakikishe. Huku yuko mzee mmoja wa kwetu Urambo, mzee Ezekia, alisoma na baba na hakurudi nyumbani. Nilimfuata. Alinikaribisha chai, akanisifu nimefanana na baba, na nilipotaja ikona akaniambia chai imepoa. Akanifungulia mlango.

Naona kila mtu aliyemjua baba ana kitu mkononi amekificha nyuma. Na wewe ukiwemo. Hujanijibu swali langu, na maji hayakumwagika.

Haifa


Gongoni
14 Julai 2024

Haifa,

Salaam. Wote wazima.

Usinifundishe kisa cha Nabii Ibrahim. Suratul Hud nimeisoma kabla baba yako hajajua kuvaa kanzu. Wale wageni walileta habari ya mtoto. Nilijua ulipotaka kunifikisha tangu mstari wa kwanza, na sikukutuma huko. Nilikutuma uniambie dini.

Huyo Ezekia namkumbuka, alikuja nyumbani mara moja kabla hawajaondoka kwenda kusoma, akala wali sahani mbili. Mtu akikufukuza kwa chai kupoa, ana jambo.

Swali lako nalijibu sasa ili tusiumizane. Niliuchukua ili mama yako asiuone. Nilipoufungua nikaona mwanamke kwenye picha, na kwenye roho yangu nikawaza mawili: ama kaka yangu kaabudu, ama kapenda. Lolote kati ya hayo lingemwua Nawal akiwa kwenye eda. Nilimpenda kaka yangu nikamshuku, na mama yako sikumpenda sana alipoolewa, lakini yeye sikutaka aumie. Sasa unajua.

Nawal amekuja tena mara mbili. Hataki kusema anachotafuta na mimi sitaki kusema ninacho. Tunakunywa chai kama watu wa serikali.

Nakuambia hivi. Kama ni mtoto, sema. Kama si mtoto, sema. Kabla ya mvua za kwanza nitauchoma, kwa kuwa kama si ukafiri basi ni aibu, na vyote viwili vinaungua vizuri.

Tufaha


Petersburg
8 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Majira yote ya joto nilikuwa na jibu na sikuwa na uso wa kukuandikia. Niko mzima. Recheli alirudi Nzega likizo, amerejea na karanga na asali ya Tabora, tumekula tukalia.

Bibi wa makumbusho, alipoushika uzi, aliniuliza: "Mtoto ni wa nani?"

Kisha akanieleza. Zamani katika nyumba za wafalme wao, mtoto akizaliwa, walichukua kimo chake siku zile zile, wakakata ubao urefu ule ule, na juu yake wakachora mtakatifu ambaye mtoto amepewa jina lake. Ubao mmoja, mtoto mmoja. Desturi ilikufa, halafu makanisa yalipofunguliwa tena baadhi ya watu wakaifufua. Sisi tunanyoa nywele za mtoto na kuzipima uzito, shangazi, wao wanampima urefu. Ndiyo maana ubao wako ni mwembamba. Hujapima picha, umepima mtu.

Sikumwamini hivi hivi. Wodini kwetu alizaliwa mtoto wa kike, nikaomba ruhusa kwa mama yake, nikamlaza uzi ubavuni kutoka kisigino hadi utosini. Ulimzidi kidogo tu. Muuguzi akanipokea mtoto.

Nikarudi kwa mzee Ezekia. Safari hii niliuweka uzi juu ya meza yake. Aliutazama. Kisha akasema yote.

Baba alioa huku. Mke wake aliitwa Olga, alikuwa Mkristo na alibaki hivyo. Walifunga ndoa msikitini, ule wenye kuba la buluu ninaoswali mimi Ijumaa. Mashahidi walikuwa wanafunzi wawili wa Kisudani, na mzee Ezekia alisimama mlangoni ameshika makoti ya watu wote. Akazaliwa mtoto wa kike. Masomo yalipokwisha baba akatakiwa kurudi, na wazazi wa Olga wakawakataza mke na mtoto wasiende. Siku ya kuondoka mama mkwe wake alimletea ubao stesheni. Mzee Ezekia alikuwepo, akasikia maneno yake: "Mtoto hatukupi. Chukua kimo chake."

Baba alijaribu kurudi, ruhusa haikupatikana, na baada ya miaka Olga aliolewa na mwingine. Mzee Ezekia aliapa kwa baba hatasema. Alilia akiniambia, na mimi nilimkasirikia, kisha nikamwosha vikombe.

Baba hakubadili dini, shangazi. Swali lako ulilonituma nimelijibu. La kwangu ndilo limeanza: nina dada, na hakuna mtu aliyeniambia.

Usichome.

Haifa


Petersburg
6 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yangu ya Septemba hujaijibu. Naandika nyingine bila kungoja, kwa sababu huko mawingu yatakuwa yameanza na mimi nakujua.

Dada yangu nimempata, kwa anwani ya zamani aliyonipa mzee Ezekia. Anakaa mji wa Pskov, anapima macho ya watu na kuwatengenezea miwani. Nilikwenda kwa treni. Alifungua mlango huku mnyororo umefungwa ndani, akaniuliza nataka nini. Nikasema sitaki kitu. Akasema mtu asiyetaka kitu hapandi treni. Kwa ule uwazi mdogo wa mlango niliona mwanya wake wa mbele, shangazi. Wa bibi yetu. Wa kwako.

Nilisema jina la baba, akataka kufunga. Hapo nikampitishia uzi juu ya mnyororo. Hakuuliza ni nini. Alifungua, akanipeleka chumba cha nyuma alichokulia. Ukutani juu ya kitanda kuna msumari mtupu. Bibi yake mzaa mama hakuruhusu msumari ule ung'olewe wala utundikwe kitu. Marina aliulaza uzi ukutani, kutoka kwenye msumari kwenda chini. Kuna alama ya zamani pale, mahali ambapo rangi haikufifia. Ulilingana.

Tuliongea mpaka chai ikawa maji. Hana ubaya. Lakini ana shaka, na shaka yake nitakuandikia kama alivyoisema. Alisema: "Siku zile wageni walikuwa wanaziuza ikona. Nimekua nikijua baba yangu aliniuza. Wewe ulimwona nayo? Alifanya nayo nini?"

Sikumwona, shangazi. Maisha yangu yote sikujua iko juu ya kabati. Mtu pekee aliyemwona baba ameushika ubao ule ni wewe. Marina anangoja jibu na mimi siwezi kulitunga.

Niambie hujauchoma.

Haifa


Gongoni, Tabora
24 Novemba 2024

Mwanangu Haifa,

Assalaam alaykum. Tumeanza kupata mvua, na uyoga umejaa sokoni. Jenabai kaanguka kwenye ngazi ya duka lakini hakuvunjika, anachechemea na kutoa amri kama kawaida. Barua zako mbili zilifika posta siku moja, sijui ya kwanza ilikuwa imelala wapi. Nilizipata nikiwa nimekwisha kufanya nitakayokueleza, kwa hiyo usinisifu.

Nilikuwa sina habari yoyote kutoka kwako tangu Julai. Nikasema binti amenyamaza, basi ni kweli na ni aibu. Mawingu yalipotanda nikachukua mafuta ya taa na kiberiti, nikapanda bodaboda kwenda Kwihara. Nilitoa ubao nje pamoja na kanga yake, nikauweka juu ya mabua. Nilikuwa nafungua kifuniko cha mafuta nilipomwona mwanamke anakuja kwa miguu kutoka barabarani. Alikuwa mama yako. Fauzi alimwambia nimekwenda shambani na mafuta ya taa wakati taa za huko ni za sola, na kwa mara ya kwanza nimemshukuru Mungu kwa mdomo wa Fauzi.

Haifa, Nawal alikuwa amejitanda kanga ya mananasi ya kijani, pindo la machungwa.

Nilitazama kanga mabegani mwake, nikatazama kanga iliyofunga ubao. Doti moja. Nusu yake alikuwa nayo yeye. Mimi niliyenunua kanga maisha yangu yote, niliyejua kila doti huwa na pande mbili na kila upande una mwenzake, nilikaa na kanga ile zaidi ya miaka miwili sikujiuliza mwenzake yuko kwa nani. Nilikuwa na kazi ya kushuku.

Mama yako hakupiga kelele. Aliuchukua ubao kwenye mabua, akaufuta kwa kanga yake, akaniambia: "Wifi, huyu ni mtoto wa Humaidi. Aliniambia kabla hajanioa. Kanga nilimfunga mimi."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema wewe, Haifa, ungeambiwa ukimaliza masomo ya sekondari, ndivyo baba yako alivyotaka, akafa kabla. Baada ya hapo ubao ukapotea, na yeye akadhani mimi nimeuchukua kwa chuki, ili mtoto yule asijulikane. Kwa hiyo akanishuku nilivyomshuku mumewe. Alikuruhusu uende Urusi akitumaini utafika mwenyewe. Tulikaa chini pale pale kwenye mabua, tukalia, mvua ikatukuta. Mafuta ya taa nimewapa jirani.

Nilipopata barua zako nikamsomea Nawal zote. Ijumaa iliyopita tulisoma hitma. Nyumba ilijaa mpaka barabarani. Nilipofika kumwombea kaka yangu nikamwachia Nawal, akamalizia. Na kabla ya hitma nilichinja mbuzi kule Kwihara, mmoja, kwa kuwa ni mtoto wa kike. Sheikh aliniuliza akika ya nani, nikasema ya mtoto wa kaka yangu. Akauliza ana umri gani. Nikamwambia asome tu.

Ubao uko chumbani kwa baba yake, juu ya kabati, ndani ya kanga zote mbili. Ni wa mwenyewe. Akija auchukue, asipokuja tutautunza. Malaika nimewaachia nyumba yangu, wana nafasi ya kutosha.

Sasa jibu la Marina. Nimelifikiri kwa siku nyingi, nataka ulifikishe kama nilivyoliandika.

Mwambie nilimwona. Alikuwa amekaa kitandani. Ubao ulilala juu ya mkono wake wa kushoto, upande wa juu umekaa kwenye kiwiko, na mkono wa kulia umeshika chini. Aliuinamia akiyumba taratibu, midomo yake ikicheza. Nilisimama mlangoni na sinia ya kahawa nikadhani nasikia sala ya watu wengine. Nimezaa, nimelea, wewe mwenyewe nilikubeba, na sikumtambua mtu anayembembeleza mtoto alale.

Mwambie hakuuza. Mwambie alikuwa amempakata. Na kama lugha yao haina neno hilo, usihangaike kulitafuta, mwonyeshe kwa mikono.

Shangazi yenu,
Tufaha